Barafu Hii Imetoka Wapi?

Kila asubuhi Verdiana alikamua ng'ombe wawili nyuma ya nyumba yao, katika kijiji kimoja cha kata ya Maretadu, wilaya ya Mbulu. Kila asubuhi mama mkwe wake, Bibi Agripina, alikaa kwenye kigoda pembeni yake. Alijifunika shuka zito kwa sababu ya baridi. Hakuja kusaidia kukamua. Alikuja kuuliza maswali.

"Kwa nini huyu mweusi ana maziwa mengi kuliko mwenzake?"

"Sijui, Mama. Labda ndivyo alivyozaliwa."

"Labda si jibu," Bibi alisema.

Bibi Agripina alikuwa na miaka sitini na minane. Alijifunza kusoma akiwa mama wa watoto watatu, katika madarasa ya elimu ya watu wazima. Tangu hapo hakuna karatasi iliyompita. Alisoma kalenda ya kanisa, alisoma mfuko wa mbolea, alisoma hata pakiti ya chumvi.

Alikuwa pia mgonjwa wa kisukari. Kila siku alijichoma sindano mbili za insulini, moja asubuhi na moja jioni. Alijichoma mwenyewe. Hakutaka kusaidiwa.

Insulini ni dawa isiyopenda joto. Kabla ya umeme kufika kijijini, Bibi aliweka vichupa vyake ndani ya chungu kidogo. Chungu hicho kilikaa ndani ya beseni la mchanga uliolowa maji, kwenye kona yenye kivuli. Dawa ilikaa vizuri. Lakini mwaka ule nguzo za umeme zilifika hadi nyumba ya Baltazar, mume wa Verdiana. Baltazar aliuza maharage ya msimu ule, akaenda Mbulu mjini, akarudi na friji ya mtumba.

Ilikuwa friji nyeupe ya mlango mmoja. Ndani, juu kabisa, ilikuwa na kisanduku cha kugandishia chenye mlango wake mdogo. Chini yake zilikuwa rafu tatu.

"Mama, dawa yako sasa ina nyumba," Baltazar alisema.

Bibi alichagua rafu ya juu, iliyo chini tu ya kisanduku cha kugandishia. Aliweka vichupa vyake hapo. Aliona kwamba kama baridi ni nzuri kwa dawa, basi penye baridi zaidi ndipo pazuri zaidi.

Wiki za kwanza kila mtu alifurahi. Maziwa yalilala bila kuchacha. Verdiana alipika maharage mengi, akaweka sufuria nzima kwenye friji, wakala kwa siku tatu. Watoto wa jirani walikuja kuomba maji ya baridi, wakanywa, wakashika meno.

Kisha barafu ikaanza kukua.

Mwanzo ilikuwa nyembamba kama unga ulionyunyizwa kwenye kuta za kile kisanduku. Baada ya mwezi mmoja ilikuwa nene kama kidole. Baada ya miezi mitatu ilining'inia chini ya kisanduku, nyeupe na nzito, kama mafuta ya mkia wa kondoo. Mlango mdogo wa kisanduku haukufunga tena. Friji ilikuwa ikinguruma kidogo na kupumzika. Sasa ilinguruma tu. Yuniti za umeme zilikwisha kabla ya mwisho wa mwezi.

Bibi alisimama mbele ya friji, mlango wazi, akiitazama ile barafu.

"Verdiana, sisi hatukumwaga maji humu. Barafu hii imetoka wapi?"

Baltazar alikuwa akivaa viatu vya shamba. Akajibu yeye. "Friji ni baridi, Mama. Baridi ndiyo inaleta barafu."

"Baridi ya Mbulu nimeishi nayo tangu nizaliwe. Kikombe kitupu nikikiacha nje usiku kucha, asubuhi kitakuwa kitupu. Kitu hutoka kwenye kitu, mwanangu."

Baltazar alicheka, akaenda zake shambani. Verdiana hakucheka. Swali lile lilibaki naye, lakini hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Mwezi Juni Bibi alianza kunywa maji sana. Alimaliza jagi moja kabla ya chakula cha mchana, akaomba jingine. Alikwenda chooni mara nyingi. Miguu ilimlegea. Siku moja alichukua kalenda ya kanisa akashindwa kuisoma.

"Herufi zinaogelea," alisema.

Verdiana alijua dalili hizo. Sukari ya Bibi ilikuwa juu. Akafikiri kwamba Bibi anaweka sukari kwenye chai kwa siri.

"Mama, niambie ukweli. Umekuwa ukila nini?"

Bibi alimtazama. "Nimekula ulichopika wewe," alisema. Kisha akageuza uso.

Siku iliyofuata hakuweza kuamka kwenda kwenye kigoda chake. Baltazar aliita pikipiki, wakampeleka Bibi kituo cha afya, Baltazar amemshika kwa nyuma asianguke. Verdiana aliwafuata kwa miguu.

Muuguzi wa zamu alikuwa Helena. Alitoka Bukoba, na alikuwa na miaka miwili tu Mbulu, lakini wagonjwa wa kisukari wote wa kata aliwajua kwa majina. Alimsalimia Bibi kwa shikamoo, akamtoboa kidole, akapima. Kisha akampigia simu daktari, na haraka wakamwekea Bibi maji ya dripu na dawa.

Hali ilipotulia kidogo, Helena alimwita Verdiana pembeni.

"Anachoma sindano zake?"

"Hakosi hata siku moja. Namwona."

"Kichupa anachotumia mnakiweka wapi?"

"Kwenye friji. Rafu ya juu, karibu na barafu. Penye baridi kabisa."

Helena alimwita na Baltazar. "Nileteeni hicho kichupa."

Baltazar alirudi nyumbani kwa pikipiki akakileta. Helena alikizungusha polepole mkononi, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Tazama, mama. Insulini ya aina hii ukiizungusha inakuwa kama maziwa mepesi, sawasawa yote. Hii je?"

Verdiana alitazama. Ndani kulikuwa na vipande vidogo vyeupe vinavyoelea. "Ni kama maziwa yaliyokatika," alisema.

"Iliganda. Insulini ikiganda inakufa. Hata ikiyeyuka tena, haiponi. Na vichupa vingine vilivyoganda huwezi kuvijua kwa macho. Ukihisi tu kwamba kichupa kiliganda, usikitumie. Kilete hapa."

Bibi aliwasikia kutoka kitandani. "Kwa hiyo nilikuwa najichoma maji," alisema kwa sauti ndogo.

"Hukuwa na kosa, Bibi. Dawa inataka ubaridi, lakini haitaki kuganda. Weka rafu ya katikati, mbali na barafu. Isiguse ukuta wa nyuma. Na kile kichupa unachotumia sasa si lazima kiwe kwenye friji. Kwa baridi yenu ya huku kinaweza kukaa nje, kivulini, wiki nne. Vya akiba ndivyo vya friji."

Verdiana hakuweza kumtazama mama mkwe wake. Alikumbuka alivyomdhania kuhusu chai. Alitoka nje, akasimama kwenye varanda ya kituo mpaka macho yalipokauka.

Bibi alilazwa siku nne. Siku ya tatu Verdiana alirudi nyumbani kutayarisha mambo. Alifua mashuka. Alifagia chumba cha Bibi. Kisha akafungua friji, akaiona ile barafu iliyoua dawa.

Alitaka Bibi akirudi asiikute. Alichukua kisu cha nyama.

Kipande cha kwanza kilitoka kikubwa kama kiganja. Cha pili pia. Verdiana aliingiza kisu ndani zaidi, kati ya barafu na ukuta wa kisanduku, akakisukuma kwa nguvu na kukizungusha. Alipokivuta, akasikia sauti nyembamba. Sss. Ilikuwa kama tairi la baiskeli lililochomwa na mwiba. Iliendelea, ikapungua, ikaisha.

Friji iliendelea kunguruma. Lakini jioni ile maziwa yalikuwa vuguvugu, na maji yalitiririka sakafuni.

Baltazar aliporudi, Verdiana alimwonyesha ukuta uliotoboka. Hakujificha. Baltazar aligusa tundu kwa kidole, kisha akakitazama kile kisu.

"Mimi ningetumia panga," alisema mwishowe.

Bibi naye alipofika nyumbani, Verdiana alimweleza yote. Alianza na chai. "Nilikudhania vibaya, Mama. Nisamehe. Na friji nimeiua mimi."

Bibi alimshika mkono. "Chai tuiache, imeshapita," alisema. "Hiyo sauti uliyosikia. Kilichotoka ni nini?"

"Hewa."

"Hewa gani? Ilikuwa na harufu?"

Verdiana alikuwa karibu kulia, lakini swali lile lilimzuia. "Sikunusa chochote, Mama. Sijui ilikuwa nini."

"Basi tutauliza," Bibi alisema.

Vichupa vipya alivyopewa Bibi kituoni waliviweka kwenye kile chungu na mchanga wa maji. Kila asubuhi Verdiana alilowesha mchanga. Lakini wote walijua kwamba Septemba na Oktoba joto lingepanda. Tena kituo cha afya kilikuwa kinampa Bibi dawa ya miezi miwili kwa pamoja. Vichupa vya akiba vilihitaji friji.

Jirani yao alikuwa Mwalimu Alfredi, mtu wa Songea, aliyefundisha shule ya sekondari. Alikuwa na friji ndefu ya milango miwili. Bibi alipopata nguvu ya kutembea, alimchukua Verdiana wakaenda kuitazama.

"Shikamoo Bibi. Karibuni," Mwalimu alisema.

"Marahaba. Tumekuja kuona barafu yako."

Mwalimu alicheka, akafungua mlango wa juu, kisha wa chini. Kuta zote zilikuwa safi. "Hii ni nofrosti, Bibi. Haishiki barafu. Inajiyeyusha yenyewe. Tangu niinunue sijawahi kuisafisha barafu hata mara moja."

Bibi alipitisha kiganja kwenye ukuta. "Inajiyeyushaje, na ndani ni baridi?"

Mwalimu alifunga milango ya friji. "Mimi nafundisha historia, Bibi. Nenda Mbulu mjini kwa fundi Nikolausi. Mwaka jana feni ya hii friji ilikufa, akaitengeneza yeye. Ila alisubiri kifaa kutoka Arusha wiki tatu."

Verdiana alilishika neno hilo. Wiki tatu.

Baltazar aliuza dume moja la ng'ombe. Siku ya Alhamisi Verdiana na Bibi Agripina wakaenda Mbulu mjini, na friji iliyokufa wakaipakia kwenye gari la mizigo la mtu waliyemfahamu.

Fundi Nikolausi alikuwa na karakana nyuma ya maduka. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mlangoni kulikuwa na friji nne zilizopona, zinauzwa. Ndani kulikuwa na friji nyingine, zimefunguliwa migongo.

"Shikamoo mama," alimsalimia Bibi.

"Marahaba, mwanangu. Nina swali moja kabla ya mambo ya friji. Barafu hutoka wapi?"

Fundi alimtazama kuona kama anatania. Alipoona hatanii, aliingia ndani akarudi na kikombe cha bati chenye maji ya baridi sana kutoka kwenye friji yake. Akakiweka mezani.

"Tusubiri kidogo," alisema.

Walisubiri. Baada ya muda mfupi kikombe kilianza kutoka jasho. Matone madogo yalijitokeza kwa nje, yakaungana, yakateremka hadi mezani.

"Kikombe kinavuja?" fundi aliuliza.

Bibi alikiinua, akakikagua chini. "Hakivuji."

"Basi maji haya yametoka wapi?"

Bibi aligusa tone kwa kidole. Verdiana alimwona anavyofikiri, midomo ikicheza kidogo. "Mabati," Bibi alisema mwishowe. "Asubuhi ya baridi mabati ya nyumba yanadondosha maji, na mvua haikunyesha. Yale maji yanatoka hewani."

"Ndiyo, mama. Hewa ina maji ndani yake, hatuyaoni. Yakigusa kitu cha baridi, yanashika hapo. Kikiwa cha baridi sana, yanaganda."

"Kwa hiyo kila tukifungua mlango wa friji, tunaingiza hewa yenye maji."

"Hiyo ndiyo barafu yenu."

Verdiana akakumbuka jambo. "Na sufuria ya maharage, fundi? Mimi niliiingiza ikiwa ya moto, bila kifuniko."

"Huo mvuke wote uliganda ukutani. Chakula kipoe kwanza, kifunikwe, ndipo kiingie. Na mpira wa mlango, uliukagua?" Aliugusa mpira wa friji yao. Sehemu moja ilikuwa imepasuka. "Hapa hewa iliingia usiku na mchana hata mlango ukiwa umefungwa."

Kisha alimulika kwa tochi lile tundu la kisu. Aliwaonyesha kwamba ukuta wa kisanduku una mifereji myembamba ndani yake, kama mishipa ya jani la muhindi. "Humu inapita gesi. Gesi hii ndiyo inayobeba joto na kulitoa nje. Ulisikia ikitoka?"

"Nilisikia," Verdiana alisema.

"Haina harufu kubwa. Lakini friji nyingi za siku hizi zina gesi inayoshika moto. Ukisikia sauti hiyo, zima jiko, fungua madirisha, toka nje, usiguse swichi. Yako ilikuwa ya zamani, gesi yake haishiki moto. Una bahati."

"Inatengenezeka?"

"Tundu moja ningeziba. Hapa umekata mifereji mitatu, na mashine yenyewe imechoka kwa kufanya kazi bila kupumzika. Nitaichukua kwa vipuri na kukupunguzia bei ya nyingine. Mnataka ya aina gani?"

"Ya nofrosti," Verdiana alisema haraka. "Kama ya Mwalimu. Sitaki kuona barafu tena."

"Subiri," Bibi alisema. "Nataka kujua inajiyeyushaje."

Fundi alionekana kufurahi. Aliwapeleka ndani kwenye friji ya nofrosti iliyofunguliwa. Nyuma ya ukuta laini wa plastiki kulikuwa na bomba lililojikunja mara nyingi, na barafu nyembamba juu yake.

"Barafu ipo," Verdiana alisema kwa mshangao.

"Ipo. Imefichwa. Baridi yote inatengenezwa hapa nyuma. Hii feni inaipuliza ndani. Maji ya hewa yanagandia kwenye hili bomba, hayagandii kwenye kuta. Kila baada ya saa kadhaa, saa hii ndogo inasimamisha mashine na kuwasha huu waya. Waya unapata moto, barafu inayeyuka, maji yanateremka kwenye sinia nyuma ya friji, yanakauka yenyewe."

Bibi alicheka kwa mara ya kwanza tangu augue. "Kwa hiyo Mwalimu ana barafu nyumbani kwake na hajui."

"Ni friji nzuri," fundi alisema. "Baridi yake ni sawasawa, na mtu hapati kazi. Lakini ina feni, ina waya wa moto, ina saa. Ni vitu vitatu zaidi vya kuharibika, na vyote vinakula umeme. Umeme wenu huko ukoje?"

"Unakatika," Verdiana alisema. "Wakati wa mvua unakatika sana. Na jioni taa zinafifia."

"Umeme unaofifia unaua mashine. Friji yoyote mtakayonunua, mnunue na kile kifaa cha kuchomeka ukutani kinachokata umeme ukishuka au ukipanda. Sasa niambieni, nani anashinda nyumbani?"

"Mimi na Mama."

"Na ndani mnaweka nini?"

"Maziwa, maharage, nyama wakati wa sikukuu. Na insulini yake."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa shati. Aliwarudisha mlangoni kwenye friji ya mlango mmoja, ndogo kuliko ile iliyokufa. Ndani, karibu na kisanduku cha kugandishia, kulikuwa na kinobu cha kupunguza na kuongeza baridi. Katikati ya kinobu kulikuwa na kitufe chekundu.

"Hii inashika barafu kama ile yenu. Sitawadanganya. Lakini barafu ikifika unene wa penseli, mnabonyeza kitufe hiki. Mashine inasimama. Barafu inayeyuka, maji yanaingia kwenye trei hii. Ikimaliza, mashine inajiwasha yenyewe. Haina feni wala waya wa moto. Inakula umeme mdogo."

"Na umeme ukikatika?" Verdiana aliuliza.

"Hapo ndipo inapowafaa. Jaza maji chupa mbili za plastiki, usizijaze mpaka juu, zigandishe kwenye kisanduku. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Zile chupa zitashika ubaridi. Hata mwenye nofrosti anaweza kufanya hivyo, ila wengi hawajui."

Bibi alimgeukia Verdiana. "Kazi ya barafu ni yako. Chagua wewe."

Verdiana alitazama nofrosti iliyosimama upande wa pili, ndefu, inang'aa. Aliipenda. Kisha alifikiria wiki tatu za kusubiri feni kutoka Arusha, na Bibi asiyeweza kusoma kalenda.

"Kitufe," alisema. "Lakini kwanza nifundishe kuyeyusha, fundi. Hatua kwa hatua. Nataka kufanya mbele yako."

Fundi alicheka kidogo. Alikuwa na friji nyingine iliyoshika barafu, akamwambia Verdiana aanze. Verdiana alibonyeza kitufe. Alitoa vitu vyote vya ndani. Akatandika kitambaa chini.

"Nina haraka," fundi alisema kwa kumjaribu. "Nataka barafu itoke sasa hivi. Utafanyaje?"

"Sitachukua kisu."

"Wala bisibisi, wala kijiko. Haraka ya nini? Acha mlango wazi. Weka bakuli la maji ya moto ndani ya kisanduku, na kitambaa chini ya bakuli. Maji yakipoa, badilisha."

Mvuke ulipanda. Baada ya muda barafu ilianza kulia, matone yakianguka moja moja. Kisha bamba zima liliachia, likaanguka lenyewe kwenye trei. Verdiana alilishika kwa mikono miwili. Halikuacha hata mkwaruzo ukutani. Alikausha kuta kwa kitambaa, kwa sababu fundi alimwambia kwamba maji yakibaki yataanza kuganda tena siku hiyo hiyo.

Friji ya kitufe ilifika Maretadu jioni ile. Waliiacha isimame saa kadhaa kabla ya kuiwasha, na waliisogeza mbali na ukuta ili mgongo wake upate hewa, kama fundi alivyosema. Nesi Helena alipopita wiki ile kumwona Bibi, alileta kipimajoto kidogo. Wakakiweka rafu ya katikati kando ya vichupa.

"Kisome kila siku, Bibi," Helena alisema. "Kikae kati ya nyuzi mbili na nane. Kikishuka chini ya mbili, punguza baridi."

Hiyo ikawa kazi ya Bibi. Akakikagua asubuhi na jioni, akaandika namba kwenye kalenda.

Mwezi Desemba upepo uliangusha nguzo ya umeme. Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi kesho yake asubuhi. Verdiana alifunga mlango wa friji kwa kamba ili mtu asijisahau akaufungua. Umeme uliporudi, alifungua kamba. Bibi alisogea, akasoma.

"Nane," alisema. "Haijavuka."

Chupa za barafu zilikuwa zimeyeyuka nusu tu. Kwa Mwalimu Alfredi nyama ilikuwa imelainika, akaipika yote siku hiyo, akawaalika majirani. Hakuijutia friji yake. "Mimi naishi peke yangu, sina muda wa mabakuli," alisema. Lakini alimwuliza Verdiana kuhusu zile chupa mbili, na jioni ile aligandisha zake.

Bibi aliporudi kliniki, Helena alipima sukari yake, akamwonyesha namba. Ilikuwa nzuri. Bibi hakuridhika na neno hilo. Aliuliza nzuri ni ngapi, na mbaya inaanzia wapi, na kwa nini. Helena alimweleza yote, foleni ikisubiri nyuma.

Kwenye foleni hiyo alikuwepo kijana mkulima, jina lake Patriki. Alikuwa amegunduliwa kuwa na kisukari wiki mbili tu zilizopita. Kwao hakukuwa na umeme bado. Alishika kichupa chake cha kwanza cha insulini kama mtu aliyeshika yai, hajui akiweke wapi.

Helena aliwatazama Verdiana na Bibi.

"Unakaa mbali na kwetu?" Verdiana alimwuliza Patriki.

"Nusu saa kwa miguu, mama."

"Kinachotumika utakiweka kwenye chungu. Nitakufundisha mchanga na maji. Vya akiba utavileta kwetu."

Bibi alikata vipande viwili vya plasta vya kubandika kwenye vichupa, akaandika jina lake kwenye kimoja na jina la Patriki kwenye kingine, kwa herufi kubwa. Siku hizi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Verdiana anapobonyeza kitufe, Patriki huwepo. Yeye ndiye anayeshika termosi iliyopozwa yenye vichupa vya watu wawili, mpaka barafu iishe na kuta zikauke.